Kahawa Niliyoikataa Muleba

Kitabu changu cha saikolojia kilianzia ukurasa wa hamsini na tatu. Jalada halikuwepo, sura ya kwanza haikuwepo, na ya pili ilibaki mkia tu, aya moja na nusu iliyoanza kwa kusema "kama tulivyokwisha kuona". Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilikiokota kwenye sanduku la vitabu ambalo nesi mmoja mmisionari aliliacha barazani alipokuwa anarudi kwao, na kwa miaka miwili nilikisoma na kamusi pembeni mpaka nikakijua chote, isipokuwa zile kurasa nisizokuwa nazo. Na kwa jinsi nilivyo, hizo ndizo zilizoninyima usingizi. Niliamini kabisa kwamba siri ya kazi yenyewe imeandikwa mle. Wote walioanza mwanzo wanaijua, mimi peke yangu nimeingilia dirishani.

Naandika haya nikiwa chuoni, wakati ninapaswa kuandika tasnifu. Nimeiandika sentensi yake ya kwanza mara kumi na saba. Hii nimeiandika mara moja tu, na tayari mkono unawasha kutaka kurudi kuirekebisha. Sirudi.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Kahororo, Bukoba, historia na jiografia, nikiishi na bibi yangu mlimani Kibeta. Miaka ile hakuna wiki iliyopita bila mwanafunzi kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Mwanzoni ugonjwa wenyewe watu waliuita kwa jina la shati la mtindo lililovuka mpaka pamoja na magendo, kwa sababu kuutaja hivyo kulikuwa kama utani. Baadaye ukaitwa UKIMWI, na utani ukaisha. Mtoto alikuwa anarudi darasani siku ya nne baada ya mazishi, anafungua daftari, anatazama dirishani, nami ninaendelea kumfundisha mito ya Ulaya. Sikujua la kumwambia. Hapo ndipo niliponuia kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia na kuwa mwanasaikolojia kamili, mwenye cheti. Mkoa mzima sikuwa nimewahi kumwona hata mmoja. Nilikuwa kama mtu anayetaka urubani na hajaona ndege. Tena afadhali ndege. Ndege nilishaziona, za vita, nikiwa darasa la pili, kutoka kwenye shimo ambalo bibi alilichimba kibanjani katikati ya migomba. Siku hizi analiwekea viazi.

Shimoni nilijifunza kuhesabu. Ngurumo ikitoka upande wa Kyaka, nilianza: moja, mbili, tatu, mpaka ifike nyingine. Vita vikaisha, kuhesabu hakukuisha. Huhesabu ngazi, huhesabu vigae, huhesabu mara ambazo mtu amesema "kwa hiyo".

Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilimfanyia mazoezi bibi.

"Bibi, naona leo una mzigo moyoni."

"Mzigo ninao mgongoni. Pokea huu mkungu."

"Na unapoubeba, unajisikiaje?"

Bibi akautua mkungu mwenyewe, akanitazama. "Mjukuu wangu, shahada ya kwanza ilikuletea miwani. Hii ya pili itakuletea nini?"

Kitabu kilisema mshauri ayarudie maneno ya anayezungumza, kwa maneno yake mwenyewe, ili yule aone amesikika. Nikajaribu.

"Mwaka huu ndizi zote zimeiva kwa pamoja," bibi akasema.

"Unaona kwamba ndizi zimekomaa kwa wakati mmoja."

"Si ndivyo nilivyosema? Naongea na wewe au naongea na pango?"

Nililoliweza vizuri lilikuwa la sura ya sita: kunyamaza. Kitabu kilisema mshauri mchanga huogopa ukimya, akaujaza kwa maneno. Mshauri aliyekomaa huuacha ukae. Basi nikanunua saa ya kengele, nikawa nakaa mbele ya ukuta ninanyamaza dakika tano, kumi, kumi na tano, ninahesabu. Hakuna aliyenyamaza vizuri kuliko mimi kuanzia Kibeta mpaka ziwani. Bibi alimwambia jirani kwamba nimeanza dini nyingine.

Chuo kikuu kiliponijibu, nilisoma barua nimesimama juu ya kiti, sijui kwa nini juu ya kiti. Walikuwa tayari kunipokea ingawa shahada yangu ya kwanza haikuwa ya saikolojia, kwa masharti mawili. La kwanza, saa sitini za kuwasikiliza watu wenye shida. Hizo nilikuwa nazo: nilizipata Jumamosi baada ya Jumamosi katika zahanati moja, na muuguzi wake akazithibitisha. La pili lilikuwa mstari mmoja chini ya fomu, na juu yake maneno haya: sahihi ya mwanasaikolojia aliyemshuhudia mwombaji kwa macho yake.

Mstari ule mtupu nilikaa nao miezi saba. Mwezi wa nane ukabaki, ndio wa mwisho wa kupokea fomu, na ndipo ikatangazwa kwamba mwanasaikolojia anakuja Bukoba kuwafundisha washauri nasaha, siku nne.

Nilimfikiria mrefu, mwenye mvi na sauti ya redio. Akashuka kwenye gari la mradi mama mfupi, mnene, mcheshi, mtu wa Songea aliyehamia Dar es Salaam, wote wakimwita Dokta, akauliza kabla ya salamu choo kiko wapi. Wakati wa chai nilimvamia. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika tatu, nilifika sekunde ya ishirini akaniambia, "Dada, pumua. Alhamisi nina nafasi. Ijumaa mchana ninapanda meli ya Mwanza. Nani utamsikiliza?"

Yule muuguzi wa zahanati alinitafutia mtu Muleba: fundi cherehani, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe. Ndugu zake walisema tangu msiba hajazungumza na mtu zaidi ya vipimo vya nguo. Aliulizwa kama angekubali wageni wawili, mmoja wa kumsikiliza na mmoja wa kukaa pembeni. Akakubali. Zaidi ya hapo simwelezi, maana nilimwahidi.

Sasa lazima niwaeleze kahawa, kwa wale wa mbali. Kwetu kahawa hatuinywi sana, tunaitafuna. Buni inachumwa ingali mbichi, inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inakaushwa mpaka iwe nyeusi na ngumu, ndiyo *akamwani*. Mgeni akiingia, kabla ya neno lolote la maana, analetewa kikapu kidogo. Mwenyeji anatafuna kwanza, kuonyesha hakuna ubaya, kisha mgeni anachukua moja, mbili. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mtoto wa Kihaya analijua hili kabla hajajua kuhesabu.

Nami nililijua. Hili ndilo la kuungama, kwa hiyo nalisema bila kupunguza: nililijua vizuri kabisa. Lakini ukurasa wa mia na kumi na nane ulisema mshauri hapokei zawadi, chakula wala kinywaji kutoka kwa anayemhudumia. Na mbele yangu, kwenye kona, alikuwa amekaa mtu mwenye kalamu.

Yule mama fundi alikuwa ametandika nyasi mbichi sakafuni, chumba chote kinanukia. Dirishani ziwa lilionekana, na kwenye kiti kulikuwa na rundo la mashati ya wachuuzi wa samaki wa visiwani. Akatusalimu, akaleta kikapu kwa mikono miwili, akatafuna moja, akaninyooshea.

"Asante sana mama, sitatumia," nikasema. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye kioo, pamoja na tabasamu lake.

Kikapu kikasimama hewani kidogo. Akakipeleka kwa Dokta. Dokta, ambaye hakujua kahawa ile ni nini na alikuwa ameazimia kufanya kama nifanyavyo, akatikisa kichwa na kutabasamu vilevile. Mama akakiweka chini kando ya cherehani, akakaa, akanyamaza.

Ah, furaha iliyonijaa! Ukimya! Wa kweli, wa sura ya sita! Nikakaa sawa, mikono mapajani, uso mtulivu, nikaanza kuhesabu. Mia moja. Mama alikunja kipande cha kitambaa, akakikunjua, akakikunja. Mia tatu. Jogoo akapita mlangoni. Mia sita, nikamtupia Dokta jicho, nikamwona anaandika kwa kasi, nikajua ananiandika mimi. Niliufikisha ukimya ule elfu moja na mia mbili. Dakika ishirini! Mwanafunzi mwingine angekwishasema "pole mama" mara arobaini.

Kisha mama akasimama. "Basi, waitu, mmeshaniona," akasema kwa Kiswahili, kwa adabu, "waitu" tu likiwa neno letu la heshima. Mlangoni akanishika kiwiko, akanong'ona kwa Kihaya: "Usijali, mwanangu. Si wewe wa kwanza. Kahawa yenyewe haikuchemshiwa hapa, nilimwomba jirani. Na kikapu ni kipya. Lakini najua watu wanaogopa."

Nikakitazama kikapu kando ya cherehani: kweli kilikuwa kipya.

"Amesema nini?" Dokta akaniuliza tukiwa tunaelekea kwenye gari.

"Ametuaga," nikasema.

Garini Dokta alikuwa anang'aa. "Miaka yote ninafundisha, sijaona kijana anayeweza kunyamaza hivyo. Wote wanaropoka. Wewe umetulia kama mwamba! Lete fomu." Akaiweka gotini, akafungua kalamu, gari likaingia shimoni, likatoka. "Barabara hii itanifanya nisaini kama kuku. Tukifika mjini."

Kwa hiyo mpaka Kemondo nilikuwa mwanasaikolojia. Nilijaribu kufurahi, na sifichi, kidogo niliweza. Nilijiambia kwamba nikipata shahada nitawasaidia wengi, na mmoja ni mmoja tu. Nilijiambia nitamwandikia mama barua nzuri. Niliona jina langu na herufi zinazofuata. Halafu nikakiona kile kikapu kipya hewani, na nikaanza kuhesabu migomba, na nilipofika sabini na tatu mdomo ukafunguka wenyewe.

"Dokta, ule haukuwa ukimya."

"Ulikuwa nini?"

Nikamweleza yote, haraka, bila nukta: kahawa, jirani, kikapu, kwamba mama alidhani tunaogopa kula cha mkononi mwake kwa sababu ya ugonjwa uliopita mle ndani, kwamba nilijua desturi toka nikiwa mtoto.

"Simamisha gari," Dokta akamwambia dereva. Akashuka. Akalizunguka gari mara moja, taratibu, akarudi dirishani kwangu.

"Na mimi nimekikataa."

"Ndiyo, Dokta."

"Kwa kukuiga wewe."

"Ndiyo, Dokta."

"Wewe ulimwiga nani?"

"Kitabu."

"Ukurasa gani?"

"Mia na kumi na nane."

Nilitegemea anifokee. Akaweka paji la uso kwenye mlango wa gari, mabega yakatikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka, na anacheka kwa aibu. "Mungu wangu," akasema. "Dakika ishirini! Nimeandika 'bora sana', nimepigia mstari mara mbili!" Kisha akafuta macho, akanirudishia fomu, mstari wake mtupu vilevile. "Siisaini hii. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunarudi. Akitufukuza, ametufukuza, na fomu yako iende na maji. Meli haitanisubiri, na mimi sirudi huku mwaka huu."

Tulipopita Ijuganyondo sikuwa tena mwanasaikolojia, na cha ajabu, nilikuwa na njaa kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Bibi sikumwambia ni nani wala wapi. Nilimwambia tu kwamba mahali fulani nimeikataa kahawa.

"Mawe! Mama yangu!" Bibi akakaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi. "Umekataa? Ulikuwa unaumwa jino?"

"Hapana, bibi. Kitabu kinakataza."

"Hicho kitabu kimezaliwa na nani? Hakina mama?" Akainuka, akaenda ndani, akarudi na kahawa yake mwenyewe, akaifunga kwenye jani kavu la mgomba kama kifurushi cha posa. "Uliyemkatalia, usirudi kwake mikono mitupu. Unampa yako, unatafuna yake. Na upige magoti, hata kama una shahada."

Ijumaa mama alitukuta tumesimama uani kwake kabla hajafungua dirisha. Nilipiga magoti kwenye umande. Hotuba nilikuwa nayo, iliyopangwa, yenye mwanzo, kati na mwisho, ikapotea yote. Nikasema, "Mama, jana sikuogopa kahawa yako. Niliogopa mtihani. Huyu ndiye mwalimu wangu, nilitaka anione nina akili." Nikatoa kifurushi cha bibi.

Alikitazama, akanitazama. Akaingia ndani. Tukakaa pale nje, mimi magotini, Dokta akitafuta pa kuweka mkoba wake, na sikuhesabu kwa sababu nilikuwa nimesahau namba. Kisha akatokeza na kikapu.

"Ingieni. Umande utakupa kikohozi, mwanangu."

Akatafuna moja. Akaninyooshea. Na hapa, msomaji, ile tabia yangu ya kutaka kufanya jambo sawasawa mpaka lipitilize ikanifikisha kubaya: nilichukua konzi. Nilitaka asibaki na shaka hata chembe. Nilitafuna kumi na moja, moja baada ya nyingine, nikimtazama usoni. Dokta, ambaye safari hii hakutaka kukosea, alikuwa amehesabu, naye akachukua kumi na moja.

"Waitu! Hizo si karanga!" mama akapiga kelele.

Tulikuwa tumechelewa. Moyo wangu ulianza taratibu, kama ngoma inayojaribiwa, halafu ukashika kasi. Masikio yakapata joto. Dokta alisema, "Hii kitu ina nguvu kweli," akasema tena hivyohivyo, akaanza kuyapanga upya yale mashati ya wachuuzi wa samaki kwa rangi zake. Goti langu likawa linaruka peke yake. Nikalikamata kwa mikono miwili, mikono nayo ikaanza kuruka. Mama alitutazama, wasomi wawili wanatetemeka juu ya nyasi zake, kicheko kikamponyoka. Alicheka. Alicheka mpaka akaegemea cherehani, na gurudumu likazunguka, sindano ikashona hewa. "Wamekuja kunitibu hawa!" akasema, akifuta machozi kwa kanga. "Wamekuja kunitibu!"

Na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha, naye akaanza kusema.

Alichosema sikiandiki. Alisema kwa saa mbili na zaidi, nusu Kihaya, nusu Kiswahili. Mimi nilivunja karibu kila sheria niliyokuwa naijua. Nilimkatiza mara tatu. Niliuliza swali moja la kipumbavu, akalijibu vizuri kuliko lilivyostahili. Nilisema "pole mama". Sikuyarudia maneno yake kwa maneno yangu, kwa sababu yake yalitosha. Palikuwa na ukimya pia, mfupi mfupi, na sijui ulichukua sekunde ngapi. Tulipoondoka akatusindikiza mpaka barabarani, akamwambia Dokta kwamba akifika Dar es Salaam ale kwanza ndizi, atatulia.

Tulifika bandarini meli ikiwa imeshapiga honi. Dokta alikuwa hajaacha kuzungumza tangu Muleba. Alikuwa amemweleza dereva utoto wake wote wa Songea, na dereva, masikini, alikuwa anarudia "unaona kwamba" na "unahisi kwamba" kuliko mimi nilivyowahi kufanya. Alishuka mbio na mkoba, mimi nyuma na fomu.

"Geuka!" akaniambia.

Nikageuka. Akaibandika fomu mgongoni kwangu, akaandika. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na mgongo wangu unatetemeka. Nilipoipokea, sahihi ilikuwa imeanza kwenye mstari, ikapanda mlima, ikashuka, ikaishia ndani ya kisanduku kilichoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu".

"Dokta, imepinda! Ninayo nyingine safi, ninazo mbili, subiri..."

"Iende hivyohivyo!" Alikuwa ameshapanda ngazi.

Ndipo nikakumbuka. Nikakimbia mpaka kwenye ukingo, watu wananitazama. "Dokta! Sura ya kwanza! Sura ya kwanza ya kile kitabu ina nini?"

"Kitabu gani?"

"Chochote! Cha saikolojia! Mwanzo kabisa!"

Akaviringisha mikono mdomoni. "Historia ya somo! Wazungu wenye ndevu! Kila mtu huiruka!"

Nilipanda Kibeta kwa miguu, karibu kwa mbio, siwezi kusimama wala sitaki. Nilifika nikafagia uwanja. Nikafagia njia. Nikapalilia mstari mzima wa maharage ya bibi, na jua halijazama nikaanza wa pili, fomu ikiwa kifuani ndani ya blauzi, imepinda, imetoka jasho, na sikuinyoosha. Niliituma vile, na vile wakaipokea.

Bibi alitoka jikoni, akasimama kwenye kizingiti akiniangalia ninavyorusha magugu.

"Unajisikiaje, mjukuu wangu?" akaniuliza.

"Bibi, moyo unakimbia!"

"Unaona kwamba moyo unakimbia," bibi akasema, akakaa, akatia kahawa moja mdomoni.